Sitatia Sahihi Mpaka x Ijulikane Ni Ngapi

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

YAH: FOMU YA BINTI YANGU SIFA KUINGIA MCHEPUO WA HISABATI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, ila nami nitaongeza kidogo. Mimi ni baba yake Sifa wa kidato cha pili, mwenye bucha hapa Karatu mjini. Nilianza na kisu cha kuazima, leo nina friji mbili. Hesabu nazijua. Fomu mliyoniletea, ili mwakani Sifa achukue fizikia na hisabati, nimeiweka chini ya mzani, na itakaa hapo kwa sababu zifuatazo:

1. Mwalimu Senteu alimpa mwanangu swali hili aje kulifanyia nyumbani:

6/(x² − 9) − 1/(x − 3)

Nikauliza x ni ngapi. Sifa akasema haijulikani. Mheshimiwa, mteja akija akaniambia nimpimie kilo haijulikani, namwomba apishe wenzake.

2. Nilimsaidia. Juu nikatoa juu, chini nikatoa chini, nikapata 5/(x² − x − 6), tena mikono ikiwa na damu ya mbuzi. Mwalimu akakosesha kwa wino mwekundu. Kazi ile ilikuwa yangu, kwa hiyo aliyekosa mbele ya darasa zima ni mimi, mtu mzima.

3. Eti kabla ya kutoa, namba ya chini lazima ivunjwe: x² − 9 iwe (x − 3)(x + 3), ndipo sehemu zote mbili zipewe chini inayofanana. Nikamuuliza Sifa, kitu kizima unakivunjia nini? Akanijibu mbele ya wateja, "Baba, hata wewe mbuzi humkati katikati ya mfupa. Unatafuta kiungo." Olais, anayeniletea mbuzi kutoka Nainokanoka, alicheka mpaka akakalia ndoo ya utumbo.

4. Baada ya kuvunja, juu inabaki 6 − (x + 3), yaani 3 − x, nayo wanaigeuza kuwa −(x − 3). Kisha (x − 3) inafutwa juu na chini, bila kikao, bila shahidi. Kwangu hata kwato haipotei bila mtu kuulizwa.

5. Jibu eti ni −1/(x + 3). Tulianza na sehemu mbili zenye afya, tumeishia chini ya sifuri.

Kwa hiyo naomba x itajwe, la sivyo Sifa aache hisabati arudi kwenye mzani. Yeye hasemi nami tangu juzi. Anataka kuwa mhandisi, awavutie maji watu wa kwa bibi yake kule Buger. Nimemwambia maji hayana x.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini. Mwalimu Senteu naye msalimie, ila kwa kiasi.

Wako katika malezi,
Boazi Lazaro

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilitaka ushahidi wa kumwaibisha mwalimu. Nikaweka 5 mahali pa x. Swali likatoa 6/16 toa 1/2, yaani −1/8. Jibu la mwalimu, −1/8. Langu, 5/14. Nikaweka 7, nikaweka 10, ni yeye tu anayepatia. Nikaweka 3, chini ikawa sifuri, swali lote likagoma, lakini jibu lake likaendelea kujibu kama kawaida. Sifa amecheka, amesema 3 hairuhusiwi, mengine nimuulize mwalimu. Fomu imo humu, imetiwa sahihi, doa hilo ni mafuta tu. Mwalimu Senteu anafundisha siku gani? Bucha naweza kuifunga.