Diski ya Selestine na Diski Yangu

Jumatatu, 5 Julai 1999
Selestine karudi Kishapu na diski. Siyo kaseti, diski! Nyimbo ishirini alizochagua mwenyewe, kachomewa na Dilip, mwenye duka, kwenye kompyuta Shinyanga mjini. Kaifungulia mbele ya mgahawa wa Mariana, na Mariana kacheza na mwiko mkononi. Mimi nampigia kaseti mwaka wa pili huu, hajatikisa hata bega. Sasa kasema Jumamosi ya mnada tupige wote wawili, atakayejaza watu ndiye atakayekaa kila siku mlangoni pake akipiga muziki. Na nilishapanga kumchumbia hapo hapo mlangoni! Nina wivu, sikatai.

Jumanne, 6 Julai
Nimeuza mbuzi, nikapanda basi na kaseti zangu hadi kwa Dilip. Ana diski za aina mbili. Ya kawaida inaandikwa mara moja tu, lakini redio yoyote ya diski inaisoma. Nyingine ina herufi RW: unafuta, unaandika upya hata mara elfu, ila redio kama yangu, ya kaseti na diski, huikataa. Nikauliza Selestine alichukua ipi. Ya kawaida. Basi nipe RW! Dilip akarudia maelezo polepole, kama anaongea na mgonjwa. Mkewe Lataben naye akatoka nyuma ya duka kunisihi. Wamepangwa na Selestine hawa, naona wazi. Nikachomewa RW.

Alhamisi, 8 Julai
Redio inazungusha, inazungusha, halafu inaandika kwamba hakuna diski. Imo ndani, nimeiweka mwenyewe! Hii si bure, nimerogwa. Nikaenda kwa Mzee Mayala, manju wa ngoma, mwenye dawa ya kuvuta watu wakati wa mashindano. Nikampa shikamoo mbili. Akasema dawa yake hupakwa ngoma, mambo ya diski hayajui. Kisha akauliza kwa nini nisijaribu diski ya kawaida. Hata yeye! Nikamnunulia dawa hivyo hivyo, nimeipaka diski upande unaong'aa, maana ndio unaosomwa. Inanuka mafuta ya nyonyo.

Jumamosi, 10 Julai
Aibu tupu. Watu walijaa kweli, dawa ya Mzee Mayala haina mchezo. Walijaa kunitazama mimi na redio iliyonyamaza. Wafugaji wakaacha ng'ombe wao mnadani waje kucheka. Kisha Selestine akaja, tena kwa upole, na hicho ndicho kinachoniuma. Akafuta mafuta ya dawa kwenye jicho la redio yangu linalosoma diski, kwa pamba na spiriti, akaweka diski yake. Ikaimba! Redio yangu mwenyewe inamwimbia Selestine! Mariana akampa mlango na paja la kuku. Mimi nikapewa shingo. Selestine akanipa diski ya kawaida, mpya, bure, akasema nirudi nayo kwa Dilip. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 11 Julai
Diski aliyonipa Selestine nimeigongomea ukutani, ndiyo kioo changu cha kunyolea ndevu. Baada ya ibada nimekutana na Altaf, mfanyabiashara wa Nyarugusu, aliyekuja kumwona shemeji yake. Anasema huko Dubai imetoka diski mpya kabisa, inaitwa DVD, inabeba mara saba ya ile ya Selestine. Mara saba! Mariana atajuta. Altaf akauliza nina mashine gani ya kuichezea. Nikamwambia yeye alete diski tu. Redio itazoea.