Vilima vya Kenyangi

Jumatatu, 3 Machi

Bwera. Siamini macho yangu. Kenyangi, binti fundi aliyeletwa juzi kutoka Kasese, ameunda kichujio kipya cha transmita ya redio yetu, na kina vilima! Nimeviona kwenye kioo cha kipimo: mstari unapanda, unashuka, unapanda tena, vyote kimo kimoja. Eti ni makusudi. Eti tukivumilia vilima vidogo vinavyolingana, nje ya masafa yetu mstari unaporomoka ghafla, na matangazo yetu hayavuki kuingia mawasiliano ya watu wengine. Maneno matamu! Na mzee Yosamu, mwenye redio, anataka kumpa yeye ukuu wa mitambo na ufunguo wa chumba. Mimi je, niliyeitunza mitambo hii kabla yake?

Jumanne, 4 Machi

Kenyangi kaenda Kasese kutafuta nyaya. Nimevuta koili za shaba za kichujio chake kwa koleo, taratibu, mpaka vilima vikalala. Mstari laini kama meza! Nikamwita mzee, nikamwambia yule binti alituachia kazi ya mabonde. Akasema kumbe kazi naijua. Ufunguo atanipa Ijumaa. Nimekula samaki mzima wa Katwe peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu. Afande Omara wa kambi ya jeshi ya hapa kaingia bila kubisha. Anasema kwenye gwaride aliwaita vijana wake kwa redio ya mkononi, akajibiwa na mtangazaji wetu akisoma matangazo ya vifo: marehemu ni wa Maliba, mazishi saa nane. Askari wote wakavua kofia. Naye akavua! Wakasimama kimya mpaka tangazo la sabuni.

"Nani iko nachezea redio yangu?" akauliza.

Nikatazama dari. Akaamuru tuzime. Mchana mlango ukajaa watu, maana hapa redio isiposema, wazikaji hawaji. Jirani yangu Mama Thembo kaleta tangazo la kaka yake, analia. Nimeona haya kumwangalia.

Ijumaa, 7 Machi

Kenyangi karudi. Kaangalia kioo, kaangalia koili, kaangalia koleo langu. Akazibana koili upya, vilima vikarudi, afande akapiga simu: kambini shwari. Tangazo la Mama Thembo likasomwa la kwanza. Ukuu kapewa Kenyangi. Mimi nifagie, kasema mzee. Kufagia!

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri vizuri. Kosa ni moja tu: nilinyoosha koili mbili, nikaacha ya tatu. Chumba cha kufagia ni kile cha mitambo, na ufunguo wamenipa wenyewe. Jumatatu Kenyangi anakwenda Kitswamba. Koleo nimeshalitia mafuta.