Kilometa za Mjomba

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku kumi na tatu. Mbio za mchujo ni Jumapili ya tarehe 16, kilometa ishirini na moja, na wasichana watatu wa kwanza wanachukuliwa kambini. Kambini kuna kitanda, chakula, daktari, na kocha wa kuajiriwa. Mimi nina mwanariadha mmoja tu: mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, miaka kumi na tisa. Anaishi kwetu. Mchana anapiga pasi kwa dobi, amesimama saa nane mfululizo, na anasema akikosa kambi safari hii atapiga pasi mpaka azeeke. Kwa hiyo anakimbia. Kwa hiyo namfundisha.

Cheti ninacho. Semina ya siku mbili. Nimekitundika sebuleni, juu ya redio. Kazini nasoma mita za maji, lakini hiyo ni kazi tu. Wito wangu ni huu.

Tatizo: binti amekwama. Dakika nne na sekunde ishirini kwa kilometa. Wiki ya tatu hii, hazishuki hata kwa dawa. Mwaka jana mshindi wa tatu alikimbia dakika nne kamili. Leo alipomaliza alitazama saa mkononi mwangu, akakaa chini palepale, akasema labda yeye si wa kambi, labda ni wa pasi tu. Roho iliniuma, nasema kweli.

Na Filimbi alikuwa anatazama! Filimbi ni kocha wa klabu ya uwanjani. Wanariadha ishirini, koni za rangi, filimbi shingoni hata msibani. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akauliza kama timu yangu imeshafika au bado iko njiani. Mshenzi!

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Nilikuwa nasoma mita nyuma ya bucha, wazo likaja lenyewe.

Miguu ya binti haina shida. Shida ni moyo. Semina walisema hamasa ni nusu ya mbio. Sasa hamasa inatoka wapi? Kwenye saa. Na saa siwezi kuichezea, anaisoma mwenyewe.

Lakini kilometa ni yangu.

Tunafanyia mazoezi kwenye njia ya vumbi kando ya bomba kubwa la maji. Njia imenyooka, haina mti, haina nyumba, haina alama. Niliipima mwenyewe kwa gurudumu la kazini na kupigilia vigingi viwili vya chuma, kila kimoja na kitambaa chekundu. Kati yao kilometa moja kamili. Anakwenda na kurudi mara tano, basi kumi zimetimia.

Jioni nilichukua nyundo. Kigingi cha huku nimekisogeza ndani mita thelathini. Cha kule, thelathini. Bomba ni lilelile, vumbi ni lilelile. Nani atajua?

Mke wangu aliuliza nyundo ya nini. Nikamwambia namtengenezea jirani geti. Akasema jirani hana geti. Nikasema ndiyo maana.

Jumatano, 5 Juni

Dakika nne na sekunde tano!

Nilimwonyesha saa. Hakuamini. Akaitazama tena. Akaruka, akanikumbatia, jasho lote likahamia kwangu. Akasema mjomba, leo hata sikuhisi kama nakaza! Nikamwambia hayo ndiyo matunda ya ratiba yangu. Ana haki ya kujua.

Kula kwake kumebadilika. Anaimba akifua. Mke wangu akasema ni vizuri anaimba, lakini mbona akishuka ngazi anaanza na mguu mmoja tu, wa kushoto anauburuta? Nikamwambia misuli ikikua ndivyo ilivyo. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha cheti.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Filimbi alimleta njia yetu msichana wake, yule wanamwita Twiga, miguu mpaka kwapani. Twiga ana saa ya kisasa inayopima umbali yenyewe. Akakimbia kigingi hadi kigingi, saa, ambayo hulia kila kilometa ikitimia, ikakataa kulia. Akaitikisa. Ikasoma mita mia tisa na arobaini.

Filimbi akanivuta pembeni. Si kwa kejeli, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Akasema ndugu yangu, vigingi vyako vimekaribiana kidogo. Nikamwambia saa za namna hiyo huchanganyikiwa karibu na bomba la chuma. Akatazama bomba. Akasema haya. Kisha akasema binti anakanyaga vibaya, anaukwepa mguu wa kushoto, na klabuni wana nesi, nimpeleke, hata leo, bila masharti.

Ahaa! Anataka kuniibia! Nikamwambia timu yangu ina nesi wake. Akauliza ni nani. Nikaaga.

Binti hakusikia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anaukandakanda muundi kwa kidole gumba.

Jumamosi, 8 Juni

Ameniambia mwenyewe. Mguu unauma mahali pamoja, padogo, akipabonyeza anaona nyota. Akaomba kupumzika wiki moja.

Wiki moja! Zimebaki siku nane!

Sikumgombeza. Kugombeza kunaua hamasa. Nilimwambia apumzike leo, kesho ajaribu mara moja tu, tuone. Kisha nikaenda na nyundo. Mita ishirini huku, ishirini kule. Mke wangu aliniona natoka. Sikusubiri swali, nilisema geti halijakaa sawa.

Jumapili, 9 Juni

Dakika tatu na sekunde hamsini na tano. Amelia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akashindwa kutembea mpaka nyumbani, nikamkokota na baiskeli.

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu hakuniuliza mimi. Alimchukua binti hadi kituo cha afya. Nesi akambonyeza, binti akapiga ukelele uliosikika mapokezi. Nesi akasema inaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Apigwe eksirei. Asikimbie hata hatua moja. Ufa ukiachwa unapona. Ukikimbiwa unavunjika.

Jioni tulikaa watatu sebuleni. Mke wangu akasema mbio zitakuwepo mwakani, mguu ni huohuo mmoja.  Binti akanigeukia mimi, si yeye.

Akasema mjomba, ningekuwa bado nakimbia nne na ishirini, ningeacha leo hii. Ningepumzika, nisingejali. Lakini tatu na hamsini na tano! Namba hiyo inamshinda hata Twiga. Nikiacha sasa, mwakani nani anajua nitakuwa wapi? Akauliza: mjomba, wewe unasemaje?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo kabisa, yamefika mpaka kwenye meno.

Nikaomba chai.

Binti akasema atakimbia. Mke wangu aliondoka sebuleni na chai hakuileta.

Ijumaa, 14 Juni

Siku nne hajakimbia. Nimeiita ratiba ya kupunguza. Anafunga barafu, anasugua dawa, anasema maumivu yamebaki kidogo. Kuna saa namtazama akipiga pasi nguo zetu, mguu mmoja ameuweka juu ya kigoda, nami natoka nje kusoma mita yetu. 

Nimenunua fulana imeandikwa KOCHA mgongoni. Ya picha.

Jumapili, 16 Juni

Naandika kwa sababu siwezi kukaa tu.

Alianza kwa kasi ya tatu na hamsini na tano. Ndiyo kasi aliyoijua, angeanza na ipi? Kilometa ya tano nilimwona mbele ya wote, Twiga nyuma yake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Filimbi alikuwa kando yangu, akatazama saa yake, akatazama mguu wa binti, akasema kasi ile si yake, atajiua yule. Nikamwambia wivu huo.

Nikakata njia kwa baiskeli hadi ya kumi na mbili. Wa nne sasa. Uso umegeuka rangi. Kila akipita kibao cha kilometa anakitazama kama kimemtukana. Aliponiona akapaza sauti: mjomba, kilometa zao ndefu!

Nami nikajibu: ndiyo, wamekosea, kaza!

Nimejibu hivyo. Nimeandika ili iandikwe.

Akakaza. Ya kumi na saba nilikuwa mbele yake hatua ishirini. Nilisikia. Sikujua kwamba mfupa wa mtu una sauti. Alianguka bila kuweka mikono.

Nilikuwa na chupa ya maji mkononi na nilibaki nayo. Filimbi ndiye aliyeruka kamba ya kuzuia watazamaji. Alivua jaketi lake, akamwekea chini ya kichwa, akamshika mguu usitikisike, anamwambia nitazame mimi, mwanangu, nitazame mimi. Twiga akapita, wa pili. Kocha wake hakugeuka hata kumwona.

Jumanne, 18 Juni

Wamemtia vyuma. Plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti.

Nilipoingia wodini alianza kulia kabla sijakaa. Akasema nisamehe, mjomba. Umenifikisha kwenye tatu na hamsini na tano, halafu mimi nimekuangusha mbele za watu.

Nikamsamehe. Mimi si mtu wa kinyongo.

Nje, Filimbi alikuwa ananisubiri na mfuko wa machungwa. Alikwenda jana bombani na kamba yake ya kupimia. Mita mia tisa. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama binti anajua. Nikamwambia hawezi kuelewa mambo ya hamasa mtu mwenye wanariadha ishirini. Alinitazama kama mtu anayetazama mita iliyokufa. Akaingia ndani kumpelekea machungwa.

Lazima Filimbi alipitia kwanza nyumbani kwetu, kwa sababu nilipofika mke wangu alikuwa amelitoa godoro langu chumbani, ameliweka sebuleni. Cheti amekishusha, amekilaza juu yake. Alisema maneno machache. Kwamba yule ni mtoto wa dada yangu, si mita. Kwamba amemlea miaka saba na hajawahi kumdanganya hata kwamba sindano haiumi. Kwamba nina mpaka Ijumaa kumwambia binti kwa mdomo wangu mwenyewe, la sivyo atamwambia yeye.

Nikauliza kama amepika. 

Ijumaa, 21 Juni

Nilikwenda. Nilikwenda na nia safi, nimenyoa ndevu, nimevaa shati la kazini. Njia nzima nilirudia maneno: binti yangu, kuna jambo kuhusu vile vigingi.

Mlangoni daktari akaniita pembeni, kwa kuwa mimi ndiye mlezi. Akasema miezi sita ndipo aukanyage mguu vizuri. Kukimbia mbio za ushindani, akatikisa kichwa. Akaniomba nimwandae binti polepole, kwa ukweli, kwa sababu ana moyo mkubwa na atataka kuharakisha.

Nikaingia. Alikuwa amelala anatazama ukuta. Amekonda. Kwa dobi wameshaweka mtu mwingine. Akaniuliza daktari amesema nini.

Nikaketi. Nikashika mkono wake. Nikaanza: binti yangu, kuna jambo.

Akageuka. Macho yale! Macho ya dada yangu, hayana tumaini hata la kuazima. Hapo hata mtu wa semina ya siku moja angejua kinachotakiwa.

Nikamwambia miezi mitatu.

Akakaa kitandani! Tangu aanguke hajakaa bila kusaidiwa. Akauliza kweli? Nikasema kweli, pengine na nusu. Akatabasamu, akaomba chungwa, akala mawili. Akaniuliza kama mchujo wa mwakani tutaanza kujiandaa mwezi wa kumi. Nikamwambia wa tisa.

Ya vigingi nitamwambia akishapona. Mke wangu nitamweleza aelewe kuwa kwa hali yake ya leo habari kama ile ingemrudisha nyuma. Nimekaa kwenye godoro langu hapa sebuleni na kalamu, ratiba karibu inakwisha. Mwezi wa kwanza, mikono na tumbo. Wa pili, magongo. Wa tatu, kilometa moja, taratibu.