Mti wa Mama Mkwe na Kompresa ya Kuazima

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa. Nimepata njia ya kukipata chumba cha mbele.

Maelezo kwanza, kwa faida ya wajukuu watakaosoma haya. Nyumba ya mama mkwe ina chumba kinachotazama barabara. Mshona viatu aliyekuwa amekipanga amehama. Ninakitaka kiwe ofisi. Ofisi ya nini, hilo litafuata. Mtu huanza na mlango. Shida ni mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Naye anakitaka, aweke vipuri vya magari. Ana pikapu nyeupe na anaiosha kila asubuhi mbele za watu. Mimi nina mawazo.

Leo mama mkwe alituita sote uani. Mti wake mkubwa unakufa. Majani yanapukutika kabla ya wakati, matawi ya juu yamebaki mifupa mitupu. Mti huo aliupanda marehemu mumewe mwaka waliohamia hapo. Pembeni alisimama mtaalamu wa miti, dada mwenye kofia ngumu na buti, ambaye mimi nimemwita Bibi Miti. Alieleza kwamba ua ulipoinuliwa kwa kifusi, mti ulizikwa hadi shingoni, na huko chini huenda kuna mzizi umelizunguka shina kama kitanzi. Udongo lazima utolewe. Lakini jembe na sururu vitaijeruhi mizizi. Dawa ni hewa! Hewa iliyobanwa kwenye mashine, ikatoka kwa kasi kwenye bomba: udongo unaruka, mzizi unabaki mzima. Mashine yake iko kazini kwingine. Atakuja nayo Jumamosi.

Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mwanyumba, kwa sauti ya msibani, alisema basi tusubiri.

Nikaona: atakayeuokoa mti huu hatanyimwa chumba. Nikasimama. "Mama," nikasema, "Jumamosi ni mbali. Hewa ninayo."

Mke wangu alinitazama jinsi anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika jikoni.

Hewa sina. Lakini fundi pancha anayo.

Jumanne, 10 Juni

Fundi pancha mgumu. Alisema kompresa yake ni ya matairi, si ya misitu. Nilimweleza sayansi yote. Akasema sayansi hiyo niipeleke kwa wenye misitu. Nikabadili mbinu. Nikamwambia mtaa mzima hakuna mwenye upepo kama wake. Akalainika. Kesho nipewe, jioni nirudishe, na ikirudi na kasoro nisimtafute, atanitafuta yeye.

Jioni nimetengeneza mdomo wa bomba kutokana na mguu wa meza yetu ya chuma. Nimeugonga ncha kwa nyundo hadi tundu likawa dogo. Kitu kizuri mno. Mke wangu ameuliza kwa nini meza inaegemea ukuta. Nimesema ndiyo mitindo ya siku hizi.

Jumatano, 11 Juni

Aibu. Kompresa inachukua muda kujaa, inapuliza kiasi cha mtu kupiga chafya, kisha inapumzika kama mzee aliyepanda ngazi. Udongo wa juu, ule mkavu, uliruka wote. Ulitua kwenye mashuka ya jirani aliyoanika. Jirani alikuja hadi ukutani akautaja ukoo wangu mmoja mmoja. Baadhi ya ndugu aliowataja hata mimi nilikuwa nimewasahau.

Mwanyumba alileta kiti. Alikaa kivulini, akatafuna karanga, akauliza kama ninaupuliza mti upate kupoa. Mama mkwe alicheka! Alijifunika mdomo, lakini mabega yalimsaliti.

Hadi jioni nilikuwa na shimo la kulaza paka. Mzizi hata wa kusingizia sikuuona. Fundi pancha amekuta mchanga ndani ya mpira wake. Ameomba tusisalimiane kwa muda.

Sikati tamaa. Wazo halina kasoro. Hewa ndiyo ndogo.

Alhamisi, 12 Juni

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba kama andazi.

Mwisho wa mtaa wanajenga barabara. Wana kompresa yao ya kupasulia miamba, kubwa kama ng'ombe, ina magurudumu, inanguruma hadi vikombe vinacheza kabatini. Asubuhi na mapema nilikwenda kwa msimamizi wao. Nilimweleza habari za mjane na mti wake. Akatikisa kichwa. Nikaongeza machozi ya mjane. Akatikisa tena. Nikasema kutakuwa na chakula cha mchana kwa kikosi kizima. Akauliza nyumba iko wapi.

Nilikusudia kumwambia mama mkwe kuhusu hicho chakula. Sikupata nafasi, hasa kwa sababu sikuitafuta.

Wakaja, wanaisukuma mashine kwa kelele na vigelegele. Mwanyumba alikuwa ameegesha pikapu karibu na mti ili nisipate pa kupita. Tukapita. Nikafunga mdomo wangu wa chuma kwenye mpira wao, nikainua kidole gumba. Msimamizi akafungulia.

Sikumbuki yote. Najua mpira uliinuka kama nyoka aliyekanyagwa, nami nimeung'ang'ania shingoni. Nilizungushwa ua mzima. Nilimwona mama mkwe, nikauona ukuta, nikamwona mama mkwe tena. Kisha miguu ikashika ardhi, nikaelekeza hewa chini, na hapa niache utani kidogo.

Udongo uliyeyuka. Kifusi kilipeperuka kama pumba, na chini yake mizizi ikaanza kutokeza, minene, myekundu, imepindana kama vidole vya mtu aliyeshika kitu na hataki kukiachia. Haikuwa na hata mkwaruzo. Na pale shingoni, kweli kabisa, mzizi mnene kama mkono wangu ulikuwa umelizunguka shina na kulibana hadi gome likabonyea. Vibarua waliacha kupiga soga. Hata mwanyumba alisimama.

Mashine ikazimwa. Vumbi likatua. Tukaona na mengine.

Kifusi kina kokoto. Kokoto ziliruka pamoja na udongo. Kioo cha mbele cha pikapu hakipo. Weupe wake umebaki upande mmoja tu, ule usiotuelekea. Dirisha la sebuleni lina tundu ambalo kuku anaweza kupita bila kuinama. Nilimwambia mwanyumba kwamba angeegesha barabarani kama watu wengine. Alinikunja shati. Vibarua walituachanisha.

Kisha msimamizi aliuliza, kwa adabu sana, wanawie mikono wapi.

Mama mkwe alinitazama. Akawatazama vibarua waliojipanga. Akaitazama mizizi. Aliingia ndani akatoka na lile sufuria kubwa la shughuli. Mke wangu na dada yake wakaitwa haraka. Walimenya viazi hadi wakaacha kunisemesha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na wazo. Mzizi unaokaba nimeufukua mimi. Kwa nini heshima ya kuukata aichukue Bibi Miti? Nikaazima msumeno.

Tatizo dogo: ukiinama karibu, mizizi yote inafanana. Miwili imepishana pale shingoni, mmoja unaingia chini ya mwenzake, na huwezi kujua nani anamkaba nani. Mwanyumba alikuja kwa miguu, pikapu iko kwa fundi wa vioo. Aliangalia kidogo tu akasema mkosaji ni wa kushoto. Hapo nikajua bila shaka yoyote kwamba ni wa kulia.

Kabla sijaanza, mama mkwe alitoka na kigoda akaketi ukingoni mwa shimo. Akaanza kusema, sijui na mimi au na mti. Mumewe aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo la maziwa. Aliukinga jua kwa mwavuli wake, yeye mwenyewe akaungua utosi, majirani wakamcheka.

"Miaka yote hii naukalia kivuli," akasema, "leo ndiyo kwanza nauona miguu."

Akainama akaushika mzizi mmoja, taratibu, kama anavyoshikwa mkono wa mgonjwa. Sauti yake ilikuwa imelegea kabisa. Nikasema moyoni, chumba cha mbele hicho kinakuja! Nikaona hakuna saa nzuri kama hiyo. Nikaweka meno ya msumeno kwenye mzizi wa kulia.

"Mwanangu," mama mkwe akasema bila kuinua sauti, "ukigusa hata mmoja, nitakulaza humo humo. Shimo umeshachimba."

Nimeahirisha upasuaji.

Jumamosi, 14 Juni

Nilivaa shati lililopigwa pasi ili kumpokea Bibi Miti. Nilitarajia anipe mkono. Alitazama shimo, akatupa begi chini, akakimbia. Akauliza ni nani aliyeiacha mizizi uchi juani tangu juzi. Mwanyumba alinionyesha kwa kidevu.

Kumbe mizizi haina ngozi ya jua! Ile myembamba hukauka upesi, na ikikauka mti unywe kwa kitu gani? Bibi Miti akapiga kelele: magunia, maji! Ua ukageuka kisima. Mama mkwe alibeba ndoo na umri wake wote. Mke wangu alivua viatu akaingia shimoni kutandika magunia. Jirani alirusha mashuka juu ya ukuta, akisema yameshaharibika hata hivyo, tuyalowanishe tu. Mwanyumba alileta mapipa ya maji kwa pikapu isiyo na kioo, akaenda akarudi, akaenda akarudi, macho mekundu kwa upepo. Mimi nilielekeza. Lazima awepo mtu wa kuelekeza.

Baadaye Bibi Miti alipiga magoti akaikagua mizizi kwa vidole. Minene ni mizima. Baadhi ya myembamba imekwisha. Akatoa patasi na kimsumeno kidogo, akaukata ule unaokaba kipande kwa kipande, bila kuligusa gome. Ulikuwa wa kushoto. Mwanyumba alipiga mluzi tu, wimbo mzima.

Kipande cha mwisho kilipotoka, mama mkwe alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu Jumatatu. Akauliza kama mti utapona. Bibi Miti akajibu kwamba hawezi kumdanganya, tusubiri majani. Nilimuuliza kuhusu kazi yangu. Alisema hewa ilikuwa sahihi, mpulizaji ndiye hakuwa.

Nimeandika neno "sahihi" kwa herufi kubwa ukutani kwangu.

Kisha pigo. Tulipokuwa tunanawa, Bibi Miti alitaja kwamba anatafuta mahali pa kuhifadhi mashine yake. Mama mkwe akamkatiza: chumba cha mbele kiko wazi, aingie hata kesho, awe karibu na mgonjwa wake. Hivyo tu! Kama mtu anayegawa chumvi! Nilitazamana na mwanyumba. Kwa mara ya kwanza maishani tulikuwa na sura moja.

Jumatano, 2 Julai

Mti umechipua! Juu kabisa, kwenye matawi tuliyoyahesabu kuwa kuni, kuna majani madogo, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mama mkwe alituita wote, hata jirani. Alilia, akacheka, akalia tena, akatupikia. Niliwaeleza waliokuwapo kwamba yote haya yalianza na hewa yangu. Bibi Miti alitaka kusema kitu, mama mkwe akamgusa mkono. Kisha akanigeukia akasema asante, baba, na nisirudie tena maisha yangu yote.

Ile asante niliisikia vizuri sana.

Usiku huu nimekaa nikajihoji bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa wapi? Jibu limekuja lenyewe: mti. Mti una uhai, una maradhi, una mama mkwe. Hewa kubwa kama ile inataka kitu kisicho na mwenyewe wa kulia.

Na bahati ilivyo! Vyoo vya shule vimeziba tangu wiki jana, vyote, mstari mzima, na mafundi wameshindwa. Nimemwona mwalimu mkuu. Msimamizi wa barabara amekubali kuleta mashine Ijumaa (nimemwahidi chakula cha walimu). Mwanyumba amekuwa mbia wangu. Pikapu yake ndiyo itakayoivuta. Mpango ni rahisi: tunachomeka mpira kwenye tundu la kwanza, tunafungulia hewa yote kwa mpigo, na uchafu hautakuwa na pa kwenda isipokuwa mbele.

Mwalimu mkuu aliuliza kama kuna hatari yoyote. Nilicheka. Nimemshauri awaalike wazazi na kamati nzima ya shule, wavae vizuri kwa ajili ya picha, na wasimame karibu kabisa na yale matundu mengine, wajionee wenyewe.