HD ya Sodnom na Mbwa wa Bi Handjav

Sodnom hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Sodnom alifunguliwa, akakaribishwa, akamiminiwa chai. Siku ya mkesha wa Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa Wamongolia, Ulan Bator nzima ilikuwa inataka mambo mawili tu: tumbo lijae, na mieleka ya jioni ionekane vizuri kwenye runinga. Sodnom alitazama mtaa wa mahema pale mlimani, akaona madishi yaliyochakaa, moja kwa kila ua, akajisikia kama mkulima aliyefika shambani wakati wa mavuno.

Shida yake ilikuwa mama mkwe, ambaye jioni hiyo angekuja kwake kula na kutazama mieleka. Mwaka uliopita Sodnom alichelewa, tena mikono mitupu, na mkewe akamlaza garini kwenye baridi ya kugandisha mate mdomoni. Mwaka huu alikuwa ameahidi mgongo mzima wa kondoo, na mkia wake wa mafuta, wa kuweka katikati ya meza. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kuutoa.

"Ule pale," alisema Zorig, dereva na mshirika wake, mtu wa maneno machache, akilisimamisha gari la Sodnom kando ya ua wa mbao. Juu ya banda mgongo wa kondoo ulikuwa umeganda kwa baridi, mnono wa kutia wazimu.

"Shika mbwa!" Sodnom akaita, kama anavyoita kila mgeni anayependa miguu yake.

Mjane mmoja, Bi Handjav, akatoka na kulikumbatia shingo dude lenye ukubwa wa ndama, jina lake Basar. Sodnom akapita mbio hadi ndani ya hema.

"Bibi, natoka kwa watu wa setilaiti. Umechaguliwa."

"Na nani?"

"Na setilaiti yenyewe! Bibi, mpaka leo unatazama picha za ukungu? Wenzako wako kwenye HD. Mwanamieleka akitokwa jasho, tone unaliona."

Bi Handjav akasogea karibu. "Nasikia Damiran ana kidoti shavuni. Miaka yote namshangilia, sijawahi kukiona."

"Kidoti? Utaona na unywele ulioota juu yake!"

Wakapatana: HD kwa mgongo wa kondoo. Sodnom akapanda juu ya banda, Bi Handjav akiwa bado amemshika mbwa, akalipulizia dishi rangi ya kung'aa. Akarudi ndani, akafuta kioo cha runinga kwa kitambaa na kukipigia saluti. Baada ya ibada hiyo akatamka kwa sauti ya kiongozi wa dini:

"HD imeshaagizwa. Inashuka polepole. Usiwashe runinga kwa saa moja, itashtuka irudi angani. Basi nishikie mbwa, nichukue mzigo wangu niende."

"Nitakushikia, mwanangu, sina neno," alisema Bi Handjav, akijikalisha kitandani. "Ila magoti yangu yamekwisha. Nikishakaa, hunyanyuka kwa furaha tu. HD ikifika nitanyanyuka."

Sodnom akafungua mlango kidogo. Basar akamwonyesha meno, yote. Sodnom akaufunga mlango kwa heshima.

"Na usikae bure," bibi akasema, akimsogezea bakuli la nyama ya kusaga na donge la unga. "Wageni wangu kesho watakula buuz."

Basi tapeli aliyewahi kumuuzia diwani kivuli cha mti akakaa kitako, akawa anafunga nyama ndani ya unga.

"Hiyo ni buuz au sikio la mgonjwa? Finya, baba, finya!"

Saa moja ikapita. Runinga ikawashwa, ukungu uleule.

"Ni mawingu," alisema Sodnom.

Bibi akachungulia nje, mbingu nyeupe pe, bila hata wingu moja. "Basi tungoje. Nyama bado ipo."

Jua lilipoanza kuteremka, Sodnom alishikwa na hofu ya kweli. Akajificha nyuma ya kabati, akampigia simu Zorig aliyekuwa anamsubiri garini.

"Leta king'amuzi cha HD. Kizima, cha kweli."

"Maduka yamefungwa, mkuu."

"Nenda nyumbani kwangu uchukue cha kwangu! Mama mkwe akiuliza, mwambie kinaboreshwa. Mwambie chochote!"

"Chochote?" aliuliza Zorig.

"Chochote!"

Zorig aliporudi na kuita getini, Bi Handjav alichomoka kama msichana. Kabla Sodnom hajafuta unga mikononi, bibi alikuwa amesharudi na kisanduku, na mbwa yuko huru. Sodnom akachomeka nyaya huku akilaani kimoyomoyo. Picha ikaja, safi. Damiran alikuwa anafanyiwa mahojiano, na kidoti kile hapo, na unywele wake.

Bi Handjav akalia kwa furaha. Akatoka, akambana mbwa kwa magoti, akamkabidhi Sodnom mgongo wa kondoo kwa mikono miwili.

"Wewe ni fundi kweli, mwanangu. Wale waliokutangulia waliishia kunipasulia kuni tu."

Njiani Sodnom alicheka mpaka akakohoa. King'amuzi si kitu! Mama mkwe akiona mkia ule wa mafuta, atasahau hata jina lake. Mlangoni kwake Zorig akamwambia, "Tangulia ukawasalimie, mkuu. Umechoka, mzigo nitauleta mimi."

Akaingia. Mkewe na mama mkwe walikuwa wameketi, wamependeza, wanatazama ukuta. Ukutani palikuwa na msumari.

"Runinga iko wapi?"

"Si ulimtuma Zorig?" alisema mama mkwe, amechangamka. "Kasema king'amuzi peke yake hakiboreshwi, lazima viende vyote. Nikamwongezea na spika, na zulia. Kijana mstaarabu sana yule, hakuniacha nibebe chochote."

 Mkewe alimtazama tu, kuanzia viatu hadi unga uliokuwa nyusini, na Sodnom alitamani angalau angemtukana. Akavuta blanketi mwenyewe, bila kuambiwa, akatoka kwenda kulala garini.

Gari halikuwepo.