Mzizi wa Kiingereza kwa Goti la Sesilia

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Toroli la mabunda ya viatu limemgonga Sesilia gotini, pale soko la jumla la Zhanxi. Goti limevimba, limevilia damu. Nimefurahi sana! Mungu anisamehe, lakini nimefurahi.

Sesilia ni mjane kutoka Moshi, ananunua viatu vya watoto. Jumamosi anapanda ndege kwenda kula Pasaka kwao, na safari hii harudi tena China. Kwa hiyo nina siku tano za kumwomba tuoane. Miaka kumi na moja niko Guangzhou, napika chakula cha mtu mmoja na kukila nimesimama. Nimechoka. Tatizo ni mdomo. Nikimwona tu, unakauka. Tatizo la pili ni Benjamin wa Mbeya, ambaye mdomo wake haujawahi kukauka.

Nikimponya goti, goti litanisemea.

Jumanne, 8 Aprili

Dawa nimeipata! Nimesoma kwenye simu kwamba Waingereza wa zama za kati walitumia mzizi wa ua la irisi kuondoa damu iliyovilia. Na majina waliyoupa! Gladwin. Flag. Ireos. Flower-de-luce. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya kioo. Majina mazito haya, ya kuitwa na spika bungeni.

Nikaenda duka la mitishamba, nikamwonyesha mama mwenye duka picha. Akaleta trei ya mizizi mikavu. Kwa simu yake ya kutafsiri akasema huu ni ndugu wa ua langu, ila ni dawa ya koo. Kwa goti akanipa mafuta ya kuchua, chupa ndogo. Nikamwambia bu yao, sitaki. Mimi naishi kwa kuuza vya Mchina, lakini mwanamke ninayemtaka siwezi kumpaka cha Mchina. Nyumbani kila mteja ananiuliza: hii ya Mchina au orijino? Sesilia anastahili orijino. Yule mama akanionya nisije nikampaka mtu mzizi mbichi. Wivu tu wa kibiashara.

Benjamin alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Amechukua ile chupa niliyoikataa. Nimemhurumia.

Jumatano, 9 Aprili

Bustani ya jiji ina bwawa lenye irisi za njano. Ndizo zile zile za Waingereza! Nimeingia bwawani saa nne asubuhi na mwiko wa ugali. Mwiko umevunjika. Wazee waliokuwa wakifanya mazoezi wakaacha mazoezi, wakanizunguka, wakanirekodi. Mlinzi akaja mbio. Nikamwita pengyou, rafiki. Akajibu kwa hotuba ndefu ambayo urafiki haukuwamo. Amenisimamia nikapanda tena mche mmoja mmoja, wazee wakinielekeza kwa vidole wapi nimepanda kombo.

Mzizi mmoja nilikuwa nimeshauficha ndani ya soksi. Nimetoka nao nikichechemea mbele ya mlinzi mwenyewe! Akanishika mkono anisaidie ngazi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeuponda na siki. Viganja vinawasha kidogo. Nimempelekea Sesilia chumbani kwake, anafunga mizigo, mguu ameuweka juu ya katoni. Anaishi na Anastazia, muuza simu wa Singida. Sesilia akamtuma Anastazia dukani kununua gundi ya katoni. Niliiona gundi dirishani, imejaa tele, lakini sikutaka kumsahihisha mwenye nyumba.

Tukabaki wawili. Akaniuliza kama nina neno la kumwambia kabla hajasafiri. Nikasema ninalo. Nikamweleza majina yote manne, nusu saa nzima, bila mdomo kukauka! Akaniuliza kwa upole kama ndiyo hayo tu. Nikasema hapana, kuna pia matumizi yake kwa kikohozi.

Akanitazama sana. Kisha akanyoosha mguu, nikampaka. Akasema inaunguza. Nikamwambia ndiyo dalili ya orijino.

Ijumaa, 11 Aprili

Goti limetoka malengelenge. Anastazia amepiga simu kuuliza kama mimi ni mchawi au ni mjinga, nichague moja. Benjamin ameenda na kitambaa cha maji baridi na ile chupa yake. Goti lina malengelenge, kwa hiyo chupa haifai tena. Amekaa naye tu. Sasa mtu anasifiwa kwa kukaa!

Viganja vyangu vimevimba. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Uwanja wa ndege. Sesilia kwenye kiti cha magurudumu, Benjamin anasukuma. Alimposa jana, akakubaliwa jana hiyo hiyo. Wanasafiri pamoja.

Sesilia alimwomba Benjamin asogee kidogo. Akaniambia, Kaka Sostenes, miaka miwili nimekusubiri useme. Juzi nilimtoa mtu chumbani ili useme. Ningekubali hata bila dawa.

Kisha akaniombea heri, wakaondoka. Nimelia chooni hadi mfagizi akaniletea karatasi. Inauma. Inauma kuliko viganja.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nimeyatafakari maneno yake ibada nzima. "Hata bila dawa." Ni ushahidi wa kutosha kwamba kosa lilikuwa kwenye kipimo. Nimepaka nyingi mno.

Baada ya ibada Anastazia amekuja kuomba radhi kwa maneno ya simu. Ameleta wali na maharage, sahani mbili, ingawa mimi ni mmoja. Amekaa. Amesema chumba chake sasa ni kimya mno, mtu unaongea na ukuta. Amesema hata mimi, akinitazama, naonekana mpweke. Alisema hayo akiwa ameshika shavu kidogo. Nikashtuka. Jino!

Waingereza wa kale walitafuna mzizi huu kutibu jino. Nina kipande kimebaki kwenye soksi. Nimemwambia asubiri mezani, asile kwanza. Nitaanza na majina.