Kamba ya Mita Moja na Sentimita Kumi na Tano

Jumatatu, 4 Agosti

Kosa la wengi katika badminton ni kudhani kwamba servisi, pigo la kuanzisha, ni la kushambulia. Siyo. Ni pigo la adabu. Volan, yaani kile kipira chenye manyoya, hupigwa kwa chini, kitako chake kwanza, miguu yote miwili ikigusa ardhi, na huvuka wavu kwa mshazari. Pointi zako zikiwa shufwa, unaanzia kulia. Zikiwa witiri, kushoto. Nimewaeleza wazee wa klabu yetu ya Kamembe haya mara arobaini. Karim, fundi wa nguo, alisinzia mara zote arobaini. Na bado ananishinda.

Jumamosi nacheza naye. Mshindi atakuwa kapteni Jumapili dhidi ya wazee wa Nzahaha. Tatizo dogo: mjukuu wangu Isimbi anakuja kutoka Kigali kutazama. Nimeshamwambia kwa simu kwamba kapteni ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua siri yake. Karim anaanzishia kifuani. Sheria ya kitabu changu cha zamani inataka volan ipigwe chini ya ubavu wa mwisho. Nilimshtaki kwa mwamuzi wetu, Maman Nyiramahoro, mkunga mstaafu. Alijibu kwamba amepokea watoto elfu mbili, lakini ubavu wa mwisho wa Karim, ndani ya tumbo lile, hajui aanze kuutafutia wapi.

Karim naye: "Mwalimu, kupima tumbo za batu ni kazi yangu. Hii yangu uiache."

Watu walicheka. Mimi niliandika tarehe.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umekamilika. Siku hizi sheria ya kimataifa haina habari na mbavu. Inasema volan ipigwe chini ya mita moja na sentimita kumi na tano kutoka ardhini. Mrefu, mfupi, wote sawa. Nilipeleka barua ya kurasa mbili. Maman Nyiramahoro alikubali kabla ya kufika ukurasa wa pili. Karim alikubali haraka zaidi. Karibu nimwonee huruma.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesimika mianzi miwili kando ya uwanja na kufunga kamba nyekundu kwa kipimo hicho hasa. Kazi safi. Mke wangu Mukansanga aliuliza kama nimejipima mwenyewe. Nilimweleza kwa upole kwamba nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Akasema hilo si jibu. Akaongeza kwamba kaptula yangu naivaa karibu na makwapa, na kwamba mimi, Papa Mutabazi, ndimi mtu pekee hapa Rusizi mwenye mkanda unaosikia mapigo ya moyo.

Wivu wa nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti

Karim alianza. Kifuani, kama kawaida. Nikainua mkono. Maman Nyiramahoro, kwenye kigoda chake, macho usawa wa kamba, akasema iko chini, pointi. Sikuwa nimezingatia kwamba kifua cha Karim chenyewe kiko chini ya kamba.

Zamu yangu. Nilipiga usawa wa kiuno, chini ya ubavu wa mwisho, kama ninavyofundisha. Kosa. Tena. Kosa. Nina mita moja na sentimita tisini na sita. Nikakunja magoti, mguu wa nyuma ukainuka, kosa la aina nyingine. Ishirini na moja kwa sita.

Baadaye Maman Nyiramahoro alinieleza taratibu, kwa sauti ya kumpa mgonjwa habari, kwamba kwa sheria ya ubavu servisi zangu zote za kiunoni zingekuwa halali.

Karim alinishika mkono. "Mwalimu, bila ile kamba yako siningekuwa kapteni. Merci sana."

Jumapili, 10 Agosti, asubuhi

Isimbi alifika jana jioni. Aliuliza kapteni anafanya nini hasa. Nilianza kumfafanulia kwamba ukapteni una ngazi. Karim akapita mlangoni, akamwambia mtoto kwamba yeye ni kapteni tu, ila mwenye sheria zote ni babu yake. Ulikuwa wema mkubwa, na umenikera. Isimbi ameomba kumbebea Karim raketi.

Hata hivyo, mimi ni mchezaji wa akiba, na mechi ni saa nane. Nimepita uwanjani nikaona jambo. Wavu wetu umelegea katikati. Sheria: mita moja na sentimita hamsini na tano kwenye nguzo, katikati pungufu kidogo tu, kama sentimita mbili na nusu. Ukikazwa, mtu mfupi atahangaika. Akihangaika, mtu mrefu ataitwa. Mukansanga anasema mapigo yangu yote huvukia pale palipolegea. Sioni uhusiano.

Leo, kabla ya chai: kaza wavu.